Kicheko cha Melania

Tabata, Dar es Salaam
14 Januari 2024

Mjomba wangu Castory,

Shikamoo Mjomba. Hesabu kwamba nimepiga magoti, maana nakujua, ungekuwa hapa ungenitazama miguu kwanza ndipo uitikie.

Huku hatujambo. Yona bado yuko bandarini, bado anakoroma, na anakusalimia sana. Mjukuu wako Melania ametimiza miezi saba na jino la kwanza limechomoza chini. Ameshaniuma nalo. Nililia, halafu nikacheka, halafu nikachukua tochi nikalimulika kama nilivyokuwa nakuona wewe ukifanya. Limenyooka vizuri, fundi, usiwe na wasiwasi.

Kazini, pale maabara ya meno, wametuletea printa ya thri-di. Ungeiona Mjomba! Daktari anapitisha kijiti chenye taa mdomoni mwa mgonjwa, meno yanatokea kwenye kompyuta, nasi tunayatuma kwenye mashine yenye beseni la resini, maji mazito ya rangi ya asali. Sahani inazama na kupanda, inazama na kupanda, na baada ya saa moja na nusu meno ya mtu yananing'inia chini yake yakidondosha matone. Hakuna kukoroga plasta, hakuna kugonga bakuli mezani ili mapovu yatoke. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya ile mashine mpaka bosi akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nakukumbuka wewe na bakuli lako.

Sasa nisikilize. Nimemwota Mama tena. Yuko Kibirizi, maji yamemfika magotini, ni asubuhi na ziwa limetulia. Anacheka, naona mabega yanavyotikisika, lakini amefunika mdomo kwa kitenge. Namwambia, Mama, toa mkono. Hatoi. Nimeamka nikiwa bado nangoja.

Unajua nina picha zake mbili tu, ile ya kipaimara na ile ya kitambulisho, na zote amefunga mdomo. Alipofariki nilikuwa na miaka mitatu, sikumbuki hata sauti. Kitu pekee ninachojua cha kicheko chake ni ile modeli ya plasta ya meno yake ya juu uliyoichukua ulipomtengenezea gego la bandia, ile uliyokuwa unanipa niishike Jumapili baada ya misa nikitulia kanisani. Naiomba, Mjomba. Nitaiskani, nitaichapa upya kwa resini isiyomomonyoka, nami nitakuwa na kicheko cha mama yangu nyumbani kwangu. Yako nitakurudishia nzima.

Na mbona simu hupokei? Naona umesoma ujumbe, halafu kimya. Barua hii nampa Thobias, yule mhudumu wa treni, kijana wa mtaa wa Mwanga huko huko Kigoma. Ameapa ataileta hadi mlangoni.

Ni mimi mpwa wako ninayekusumbua tangu utotoni,
Winfrida


Buzebazeba, Kigoma
11 Februari 2024

Mpwa wangu Winfrida,

Marahaba mwanangu, na nyingine ya mjukuu wangu mwenye jino. Mwakeye, mmeamkaje? Mkwe wangu Yona mwambie alale ubavu.

Mimi nipo. Ziwa limepanda. Kibirizi maji yameingia mpaka pale walipokuwa wanaanika dagaa, kwa hiyo jirani yangu Agnesi anaanikia uani kwangu. Hakuniomba, alinitangazia tu. Paka wote wa Buzebazeba sasa wanaishi hapa na wananitazama kama mimi ndiye mgeni. Mawese mwaka huu mazuri, nimekuwekea dumu.

Kuhusu simu, simu yangu iliingia maji. Ikakauka, ikaingia tena. Wewe andika barua. Barua haikatiki katikati ya neno, na mtu anaweza kuisoma akiwa ametulia.

Hiyo mashine yako naijua. Daktari Gervasi pale kliniki ameleta kijiti hicho cha taa tangu Novemba. Printa hana, faili anazituma huko huko kwenu Dar, na meno yanarudi yakiwa tayari kwenye kiboksi, fundi hahitajiki. Aliniita ofisini akanipa soda, saa tatu asubuhi. Nikajua hapa pana jambo. Akasema, "Mzee Castory, zile rafu za modeli tunazihitaji kwa mambo mengine." Miaka thelathini na nne ya vinywa vya watu wa Kigoma! Nikamwambia jalalani haviendi. Nimevileta nyumbani kwa mkokoteni, safari sita, na kwenye safari ya nne watoto wa mtaani walikuwa wanatusindikiza wakiimba.

Sasa chumba chako cha zamani kimejaa meno. Mvua ikinyesha plasta inanyonya unyevu, chumba kinanukia ukuta mpya. Nikifungua dirisha asubuhi mwanga unaingia, na wote wananikenulia kwa pamoja. Wengine wamekufa, wengine ni wabunge, huwezi kujua yupi ni yupi bila kugeuza na kusoma jina nililoandika chini kwa msumari. Nakaa nao. Nakuambia ukweli, wakati mwingine nahisi wameacha kuzungumza nilipoingia.

Watu wamesikia. Mzee Assani amekuja kutoka Ujiji kwa bodaboda kudai meno yake ya mwaka tisini na moja. Ameyageuza, ameyapima kiganjani. "Castory, haya nilikuwa nayo mimi?" Nikamwambia ndiyo, na ulikuwa unayafungulia chupa. Ameyafunga kwenye leso akaondoka nayo. Ya nini, hakusema, nami sikumwuliza.

Hiyo modeli unayoitaka ipo. Iko nyuma ya nyingine, ndani kabisa. Plasta ya zamani haipendi safari. Nitaangalia mvua zikiisha. Na mwanangu, mama yako hakuwa meno tu. Alikuwa na mambo mengi.

Mjomba wako,
Castory


Tabata
3 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Melania mdogo ana meno mawili sasa na anajua kupiga makofi. Yona amejaribu kulala ubavu, sasa anakoroma kwa upande.

Mvua zikiisha? Mjomba, mvua za Kigoma nazijua, zinaisha Mei. Unanizungusha na mimi naona. Kama unaogopa mashine itaiharibu, haiigusi kabisa, ni mwanga tu unaopita juu yake. Thobias ataibeba mapajani, nimemwahidi chakula.

Ngoja nikueleze nataka kufanya nini, labda utanielewa. Kompyuta yetu inaweza kuchukua picha ya mtu aliyefunga mdomo, ikafungua midomo kidogo, ikaweka meno yake yenyewe ndani. Tunafanya hivyo kwa wagonjwa ili waone watakavyoonekana. Nataka kuiweka ile picha ya kipaimara, niweke meno ya Mama, nimwone anacheka. Mara moja tu.

Wewe unaweza kumkumbuka. Mimi hata kioo hakinisaidii, nina meno ya baba, yamebanana. Nyinyi wawili mlikuwa na mwanya, kijijini Ilagala wote wanasema mlifanana mpaka padri aliwahi kuwachanganya. Mtoto wangu amebeba jina lake. Siku moja ataniuliza bibi alikuwa anachekaje, na mimi sina cha kumwonyesha. Inaniuma, Mjomba. Usiichukulie kama mchezo wa mashine mpya.

Nakungoja,
Winfrida


Buzebazeba
Jumamosi Kuu, 30 Machi 2024

Winfrida mwanangu,

Marahaba. Pasaka njema kwenu nyote. Agnesi ameniletea samaki, migebuka ya kuchemsha, na kusimama mlangoni kuhakikisha nakula.

Nimeifunga kwenye pamba, nikaizungushia kipande cha kitenge, nikaiweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Thobias asilifungue. Usiioshe kwa maji. Iskani, fanya unalotaka kufanya, halafu usiichunguze sana. Plasta ikizeeka ina mengi yasiyo na maana.

Nimekaa nayo mezani tangu asubuhi. Nimekuandikia barua nyingine kabla ya hii, ndefu, nikaichana.

Mjomba


Tabata
21 Aprili 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mzigo umefika salama, kopo halina hata mbonyeo. Melania ana meno manne na homa kidogo, lakini anacheza.

Nimeifanya kazi Jumamosi, maabara ikiwa tupu. Nikaifungua ile pamba. Nikaiweka shavuni kwanza, kama zamani, baridi ile ile. Ndipo nikaiskani. Meno yakatokea kwenye kioo cha kompyuta, makubwa, kila jino sawa na mlango, nami nikawa nazunguka kati yake taratibu. Nilihisi nimeingia ndani ya nyumba niliyozaliwa.

Nikayapachika kwenye picha. Yalikuwa mapana kuliko mdomo wake. Nikashangaa, maana plasta haivimbi kiasi hicho. Nikayapunguza kidogo, yakakaa. Na Mama akacheka, Mjomba! Akacheka na mwanya wake, akiwa na kitambaa cheupe cha kipaimara, akinitazama mimi. Nililia mpaka mlinzi akagonga mlango. Nilipomwonyesha Yona nyumbani akasema, "Mbona huyu ni Mjomba Castory amevaa kitambaa?" Nikamfukuza chumbani.

Lakini mimi ni fundi sasa, na umenifundisha wewe. Jino la mbele la kushoto, ukingoni, lina kibonyeo kidogo. Chembamba, kimelika taratibu kwa miaka. Wenye alama hiyo ni mafundi cherehani na washona nyavu, watu wanaokata uzi kwa meno kila siku. Naomba nikuulize swali moja tu. Mama aliwahi kushona nyavu?

Na Thobias ameniambia jambo ambalo sijui nilipokeeje. Anasema siku hizi ukiongea unafunika mdomo kwa leso, na kwamba ulimpa kopo bila kumwambia kwaheri. Mjomba, una nini?

Winfrida


Tabata
9 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Thobias amefika kwako mara mbili na mara zote mbili Agnesi amemwambia umelala. Saa tano asubuhi? Wewe?

Sijakasirika. Nataka tu kujua. Hata kama jibu ni baya, naomba liwe lako.

Mtoto anaita "Bi, bi," sijui anamwita nani.

Winfrida


Buzebazeba
30 Juni 2024

Mwanangu Winfrida,

Marahaba. Mvua zimeisha. Ziwa linang'aa mpaka macho yanauma, na milima ya Kongo inaonekana wazi asubuhi hadi jioni. Mjukuu wangu mbusu penye meno.

Mama yako hakushona nyavu. Mtoto wa kike pale Ilagala nani angempa wavu? Aliyeshona ni mimi, pembeni ya babu yako, tangu nina miaka saba mpaka nilipokwenda chuo. Mkasi ulikuwa mmoja, anao babu, mimi nilikuwa na meno. Nimetazama vinywa vya watu kwa miaka thelathini na nne, changu sikuwahi kukitazama kwa makini. Ningekiona kile kibonyeo ningekijaza plasta na usingejua maisha yako yote.

Ni meno yangu, Winfrida. Uliyokuwa unayaweka shavuni ni meno yangu.

Sasa nakueleza ya kwake yalikwenda wapi, na nakuomba usome ukiwa umekaa. Ulikuwa na miaka mitano, tunaishi Kibirizi, nyumba ya kupanga karibu na maji. Ulinisikia nikimwambia mgonjwa kwamba meno yasiyosafishwa yanaoza. Siku iliyofuata, mimi kazini, bibi yako sokoni, ukafungua kabati, ukachukua meno ya mama yako, ukachukua na mswaki wangu, ukaenda ziwani kuyasafisha. Watu walinifuata kliniki. Nilikukuta umesimama majini, maji yamekufika magotini, mswaki mkononi. Ziwa lilikuwa limetulia lakini wimbi moja lilitosha. Hukulia. Ulisema, "Mama amekwenda na meno yake."

Siku mbili hukula. Ukapata homa. Bibi yako alikukalia kitandani na rozari, na wewe ukisinzia unasema umempoteza Mama. Nilizama pale na vijana wa mitumbwi, tukapapasa mchanga mpaka vidole vikakunjana. Plasta ikilowa inakuwa mzigo wa chaki tu, nilijua, lakini nilizama.

Siku ya tatu nilikwenda kliniki mapema. Nikakoroga ule unga wa waridi wa kuchukulia kipimo, nikajaza trei, nikajitia mwenyewe mdomoni, nikasimama mbele ya kioo. Dakika tatu. Mtu mwenye trei mdomoni hawezi kulia, akilia kipimo kinaharibika. Kwa hiyo sikulia. Nikamwaga plasta, ikakauka, nikaandika chini yake kwa msumari, Melania. Nikakuletea. Nikasema, "Ona, ziwa limeyarudisha." Ukayashika, ukayaweka shavuni, ukaomba ugali.

Kila mwaka nilisema nitamwambia akikua. Ukakua. Ukaenda kusomea kazi hii kwa sababu ya meno yale, wewe mwenyewe uliniambia, na ulivyoniambia nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku. Sikuogopa ujue kwamba ni yangu. Niliogopa ukishajua utauliza ya kweli yako wapi, na jibu liko kwako. Nilitaka nife nalo. Mtoto wa miaka mitano hakupoteza kitu chochote. Aliyasafisha meno ya mama yake kwa sababu alimpenda. Soma hapo mara mbili, mwanangu, halafu soma tena.

La leso ni dogo. Sukari imeyamaliza meno yangu ya juu yote, la mwisho lilitoka Agosti. Nikiongea napiga miluzi. Fundi wa meno kibogoyo! Vifaa vikubwa vimebaki kliniki, siwezi kujitengenezea, na kwenda kwa Gervasi kumfungulia mdomo baada ya ile soda yake nilishindwa. Simu haikuingia maji.

Nakuomba radhi. Kama utaniandikia tena, nitashukuru. Kama hutaandika, nitaelewa, lakini nitaumia sana.

Castory


Tabata
14 Julai 2024

Mjomba wangu, baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Nimesoma nikiwa nimekaa, nimesoma mara mbili, na mara ya tatu amenisomea Yona kwa sababu macho yalikataa.

Nilikasirika. Siku moja nzima, nilivunja hata kikombe. Miaka ishirini na sita unaubeba mzigo wangu na mimi nakupigia simu kukuuliza bei ya dagaa! Halafu nikakumbuka, Mjomba. Si yote. Mswaki wako ulikuwa wa kijani, na mchanga ulikuwa unateleza chini ya nyayo. Kumbe katika ile ndoto aliyesimama majini ni mimi. Sijamwota tangu barua yako ifike. Nimelala usingizi mzuri kuliko wa miaka mingi.

Picha sijaifuta. Nimeitazama upya, nikijua sasa ninachokitazama. Yona alisema kweli na nilimfukuza bure, nimemwomba msamaha kwa chapati.

Sasa ni zamu yangu kukupa amri, na usinizungushe. Ukiipata barua hii, kesho yake utakwenda kwa Daktari Gervasi. Utavaa shati lako jeupe, utafungua mdomo, utamwacha apitishe kijiti chake juu ya ufizi na kwenye meno ya chini. Inachukua muda mfupi kuliko ile trei yako, na unaweza kulia ukitaka. Faili itanifikia kabla hujarudi Buzebazeba. Ufizi wa leo atanipa yeye. Meno ninayo tayari, yako kwenye kompyuta yangu tangu Aprili, katika upana wake wenyewe.

Thobias ameahidi kukusindikiza. Na Agnesi nimempigia simu, kwa hiyo hata ukikataa haitasaidia.

Mwanao,
Winfrida


Buzebazeba
5 Septemba 2024

Mwanangu Winfrida,

Marahaba, mama. Niko vizuri. Agnesi amenipikia migebuka ya kukaanga leo, mikavu, yenye miiba, akakaa kunitazama. Nilimaliza. Akatoka bila kusema neno, na kwa Agnesi hiyo ni sherehe.

Gervasi alinipokea vizuri, niseme haki yake. Alifanya kazi yake taratibu, mwisho akaniuliza kama ningeweza kuja Jumanne na Alhamisi kukwangua na kurekebisha meno yanayotoka kwenu, maana wagonjwa wanalalamika yanabana na yeye hajui pa kugusa. Nilimwambia nitafikiri. Nimeshafikiri, nakwenda. Modeli nazirudisha kwa wenyewe mmoja mmoja, wanaobisha hodi. Zisizo na mtu nitabaki nazo, chumba ni kikubwa.

Kiboksi kilifika Jumanne. Nilikiweka mezani nikazunguka nyumba mara tatu. Nikakifungua.

Kazi ni safi, mwanangu. Nakwambia kama fundi. Upande wa kushoto yalibana kidogo, nimeyakwangua mwenyewe kwa tupa yangu ya zamani, hiyo mashine yenu bado ina ya kujifunza. Mwanya umeuacha. Na ile alama ya uzi nayo umeiacha! Thobias anasema bosi wako alitaka ulisawazishe jino ukagoma. Nilipitisha ulimi pale nikasikia harufu ya nyavu za babu yako, nakuapia.

Nikaenda kwenye kioo. Nilikuwa sijajitazama tangu Agosti ya mwaka jana. Nikafungua mdomo kuona kama yamekaa sawa, na kwa kuwa yamekaa sawa nikafurahi, nikacheka. Winfrida, aliyecheka kwenye kile kioo ni Melania. Mwanya wake, na shavu la kulia linavyopanda kabla ya la kushoto. Mzee mwenye mvi, lakini ni yeye. Nimeishi na uso huu miaka sitini na mbili sikuwahi kumwona humo. Nilimwita jina. Nilikaa chini nikalia, safari hii vizuri, hakuna kipimo cha kuharibika.

Simu yangu imekauka kabisa. Jumapili ya tarehe kumi na tano, baada ya misa, piga ile simu ya picha. Mkalishe Melania mdogo mapajani, umshike kichwa atazame, nawe utazame. Sitasema kitu. Nitacheka tu, na nyinyi wawili mtamwona.

Mjomba wako,
Castory